Ningu Hakuja Kumwamkia Simba

Mwenye kikohozi na akohoe sasa, maana kisa kikishashika njia hakimngoji mtu.

Mwaka huo mvua iliipa mgongo nchi ya wanyama. Mbuga iligeuka rangi ya jivu, visima vikakauka, na madimbwi ambamo ngiri walizoea kugaagaa yakapasuka kama visigino vya bibi kizee. Mto mmoja tu uliendelea kutiririka, Mto Lukwiza, na hata huo ulikuwa umekonda. Wenye kiu wote, wakubwa kwa wadogo, walikwenda kunywa kwenye Bwawa la Mfalme, pale maji yalipotulia chini ya mwamba ambao Simba alipenda kuulalia.

Lakini kila aliyekunywa aliumwa tumbo. Pundamilia waliacha kupigana mateke kwa kukosa nguvu. Mtoto wa Swala alihara mpaka akashindwa kusimama, na asubuhi moja mama yake alionekana malishoni peke yake, hasemi na mtu. Nyumbani kwa Sungura watoto wote walikuwa wamelala chali, masikio yamewalegea kama mchicha uliochumwa jana. Kitindamimba alikuwa ameacha hata kulia, na hilo ndilo lililomtisha baba yake kuliko kilio chenyewe.

Sungura alikuwa mjanja, na nchi nzima ilijua. Ila ujanja wake ulikuwa wa kuiba karanga na kuwakimbia wenye karanga. Wa kuponya watoto hakuwa nao. Akajifuta pua, akaenda barazani kwa Simba.

Simba alikuwa amejilaza juu ya mwamba wake, macho nusu kayafumba, kama ilivyo desturi ya wakubwa wanaotaka waonekane wanafikiri.

"Shikamoo, Mfalme," alisema Sungura.

"Marahaba. Sema, ila usirefushe."

"Mfalme, naona mto unaumwa."

Simba akafumbua jicho moja.

"Mto upi?"

"Lukwiza, Mfalme. Kwani umebaki mwingine?"

"Lukwiza!" Simba akainuka na kutikisa manyoya ya shingo. "Mto alioogelea babu yangu! Mto unaopita chini ya makucha yangu! Simba haugui, na mto wa Simba hauugui. Msimamizi wa Mto yuko wapi?"

Msimamizi wa Mto alikuwa Fisi. Kazi hiyo aliipata siku Simba alipouliza baraza ni nani anayeijua mito. Wenzake walipokuwa bado wanawaza, Fisi akasema, "Lo! Manyoya ya Mfalme leo yanang'aa!" Basi akapewa.

"Nipo, Mtukufu!" Fisi alijitokeza akilamba midomo. Siku zile, wenzake wote mbavu zikihesabika, yeye tumbo lilikuwa limemtuna. "Mto ni mzima wa afya. Watoto wa Sungura wanakula matunda mabichi, basi. Na kama maneno yangu hayatoshi, tumwite mwenye nyumba. Kambare! Hebu toka!"

Maji yakatibuka. Kikatokea kichwa kipana chenye sharubu ndefu, kinatafuna kitu ambacho hakuna aliyetaka kukijua.

"Maji yakoje humo?" Simba alimuuliza.

"Matamu, Mfalme," akajibu Kambare kwa sauti nzito ya mvivu. "Mazito, ya uvuguvugu, yana mchuzi. Tangu nizaliwe sijanenepa hivi. Tena tumejaa humu, mimi na jamaa zangu, hadi tunakanyagana mapezi."

"Mnasikia?" Fisi akacheka kicheko chake. "Mto uliojaa samaki unaumwa wapi?"

Simba akaridhika, akajilaza tena. "Kuanzia leo," alisema, "atakayetamka kwamba mto wangu unaumwa, hatakunywa tena maji yake."

Katika ukame ule, hiyo ilikuwa hukumu ya kifo iliyovishwa kanzu ya adabu. Wanyama wakainamisha vichwa.

"Na ile amri yangu ya zamani isisahauliwe," Fisi akaongeza harakaharaka. "Marufuku kupanda mto kupita Kona ya Matete. Chemchemi za huko juu zina haya. Zikikanyagwakanyagwa, zitajificha ardhini."

Sungura alirudi nyumbani akiburuta miguu. Mkewe alimwona tangu mbali.

"Baba watoto, umeleta nini?"

"Nimeleta marufuku."

"Marufuku hainyweki." Bi Sungura alikuwa amempakata kitindamimba, anampepea kwa jani. Hakumtazama mumewe. "Huo ujanja wako wa karanga tumeuona miaka yote. Leo tuoneshe mwingine. Au ulikuwa huo huo mmoja?"

Maneno hayo yalimwingia Sungura kama mwiba chini ya ukucha. Akatoka, akaenda kukaa ukingoni mwa mto, anatazama maji yanayopita na kuyachukia.

Juu ya tawi kavu alikuwa ametua Mdiria, yule ndege mvua samaki mwenye domo refu na maneno marefu zaidi. Mdiria hakuweza kunyamaza hata akiwa amebana samaki mdomoni. Ndiyo maana mara nyingi samaki walimponyoka.

"Kaka Sungura, usiniulize habari, sina habari nzuri," akaanza bila kuulizwa. "Kambare jana, kambare juzi, kambare leo. Sharubu zao zimenikwaruza koo mpaka naongea kama chura. Enzi zile nilikuwa nachagua bwana! Nikitaka Ningu, yupo, anang'aa kama sarafu mpya kwenye maji ya mbio. Nikitaka Perege, yupo, watoto wake kawaficha kinywani. Gogogo naye, ukimbana tu anakoroma na kukuchoma mwiba. Basi alikuwa ananiudhi, lakini leo hata huyo nimemkumbuka!"

Masikio ya Sungura yakasimama, moja kwanza, kisha la pili.

"Wamekwenda wapi?"

"Nitajuaje? Wamehama. Amebaki huyu anayeweza kuishi popote. Maji yakimnyima pumzi, yeye anatoa kichwa nje, anavuta hewa ya juu kama mimi na wewe, anarudi chini kulala. Wenzake hawajui mchezo huo."

Sungura akaruka juu kama amekanyaga kaa la moto. "Kumbe tumemuuliza mende usafi wa jikoni!"

"Mende gani tena?"

"Dada Mdiria, sikiliza. Sote tuliuliza samaki wangapi wamo, na hakuna aliyeuliza ni samaki gani. Kijiji kikihamwa na wapishi, wahunzi na wakunga wakabaki walevi peke yao, utasema kijiji kimejaa watu?"

"Nitasema kina kelele."

"Twende juu. Kila bwawa tutakalolikuta, wewe ingia uniambie nani anakaa humo. Pale watakapoonekana wale waliohama, hapo maji ni mazima. Na ugonjwa utakuwa umeanzia hapo chini yake."

"Na marufuku ya Fisi?"

Sungura alimkumbuka kitindamimba mapajani mwa mama yake. "Marufuku ilitolewa kwa wanaoonekana," alisema. "Twende."

Wakapanda mto, Sungura akijificha vichakani, Mdiria akirukaruka juu ya maji. Bwawa la kwanza, Mdiria alizama, akaibuka. "Kambare." La pili, Kambare tena. La tatu aliibuka akikunja uso. "Kambare, ila hata wao wamepanga foleni juu ya maji kuvuta hewa, midomo wazi kama vifaranga. Na harufu, Kaka Sungura! Mimi ndege wa heshima, mnanifanyisha nini?"

"Hali inazidi kuwa mbaya," alisema Sungura, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Tunakaribia."

Wakafika Kona ya Matete, mahali mto unapojikunja nyuma ya ukuta wa matete marefu. Mdiria akachungulia majini, akakataa kuingia. Hapakuwa na samaki yeyote, hata Kambare. Wakazunguka kwa nyuma, wakatokea upande wa juu wa kona, kwenye mawe na maporomoko madogo. Mdiria akajitosa, akakaa humo mpaka Sungura akaanza kuingiwa na wasiwasi. Alipoibuka alikuwa anapiga kelele.

"Wamo! Ningu wamo kundi zima! Perege wamo, watoto wamejaa vinywani! Gogogo kanichoma ubavuni, Mungu ambariki!"

Sungura akainama, akanywa. Maji yalikuwa baridi, hayana ladha ya kitu. Akageuka kutazama yale matete. Huku samaki wamejaa, hatua chache chini hakuna hata mmoja. Akajipenyeza kati ya mabua, akatanua majani kwa makucha.

Fisi alikuwa amesimama katikati ya mto, maji yakimfika kifuani, anaimba taratibu kwa furaha. Alikuwa anausukuma chini ya maji mzoga wa nyumbu na kuugandamiza kwa jiwe. Kando yake palichomoza kwato, pembe, mbavu, na tumbo la pundamilia lililovimba kama ngoma. Ukame uliua wengi mwaka ule, na Fisi hakuvumilia kuona mzoga unaliwa na mwingine. Wote aliwaburuta hapa, akawazamisha, Tai asiwaone.

"Wewe wa kesho," aliimba, akimpigapiga nyumbu mgongoni. "Wewe wa keshokutwa. Wewe wa siku nikikosa."

Mdiria, ambaye alikuwa hajanyamaza muda mrefu hivyo tangu atoke kwenye yai, akashindwa. "Mama yangu! Nyama yote hiyo!"

Fisi akageuza kichwa. Sungura akatimua mbio.

Njiani Sungura aliwaza kwa kasi kuliko miguu yake. Akisema mto unaumwa, amevunja amri. Akisema kuna mizoga, Fisi ataapa kwamba si yake. Na Simba hataki kusikia wala kuona, maana akikiri kwamba mto unaumwa, amekiri kwamba kitu chake kina doa. Kiburi cha Simba ni mlango unaofungukia nje, Sungura alijiambia. Huo hausukumwi. Huvutwa.

Alipofika barazani, Fisi alikuwa ameshatangulia kwa njia ya mkato, maji yanamchuruzika.

"Mtukufu, mshike huyo!" alibweka. "Amevuka Kona ya Matete! Anazunguka akisema mto wako unaumwa!"

Simba akakunjua makucha. "Ni kweli, Sungura?"

Sungura akapiga magoti.

"Mfalme, kuvuka nimevuka. Nilikuwa nawafuata watovu wa adabu. Nilijiuliza kwa uchungu kwa nini anayekuja kukuamkia hapa bwawani ni Kambare peke yake. Ningu hajaja. Perege hajaja. Gogogo hajaja. Wote wamekaa huko juu, wanacheza kwenye maporomoko, kana kwamba nchi haina mfalme!"

Baraza likaguna. Simba akasimama wima.

"Ningu hajaja kuniamkia?"

"Hajaja, Mfalme. Simlaumu Msimamizi wa Mto, huenda ana shughuli nyingi. Lakini mito ya wafalme wengine, nasikia, samaki wa kila aina hujipanga."

"Fisi!" Simba alinguruma hata majani yakapukutika. "Kesho jua likiwa utosini, nataka samaki wote wa Lukwiza hapa bwawani. Kila kabila. Akikosekana mmoja, wewe utajaza nafasi yake majini."

Fisi alicheka, ila kicheko kilimkwama katikati.

Kesho yake asubuhi Fisi alihangaika kama mwenye harusi. Alichuna ngozi ya pundamilia kutoka kwenye ghala lake, akaifanya kiriba, akapanda kwenye maporomoko na kuwaswaga samaki humo ndani pamoja na maji yao. Kwa kuwa Fisi ni Fisi, kila baada ya mwendo kidogo alifungua kiriba "kuangalia hali yao," na kila alipoangalia, mmoja alipungua. Hata hivyo alifika na Ningu kadhaa, Perege na watoto wake, na Gogogo ambaye alikuwa amemchoma ulimi. Akawamwaga bwawani jua likiwa utosini kabisa.

"Haoo, Mtukufu!" alisema kwa ulimi uliovimba. "Chamaki wa kila kabila!"

Simba aliinama kupokea heshima. Ningu waling'aa ndani ya maji yale ya kahawia, wakazunguka mara moja, wakazunguka tena. Kisha mapezi yakaanza kuwalegea. Mmoja akalala ubavu. Perege akafunua kinywa kuwatoa watoto, akaonja maji, akawameza tena kwa hofu. Gogogo akakoroma, "Go! Go! Go!" akajirusha nchi kavu. Ningu mkubwa akamfuata, akaangukia katikati ya miguu ya Simba, anatwetatweta.

"Rudi majini, wewe!" Fisi alimfokea.

"Sirudi," alisema Ningu kwa shida. "Mfalme, nile ukipenda. Tumbo lako ni afadhali kuliko bwawa lako."

Papo hapo tumbo la Simba likanguruma. Haikuwa ngurumo ya njaa. Lilinguruma kwa urefu, likapanda, likashuka, likamalizia kwa mlio mwembamba kama wa mlango mbovu. Wanyama wakatazamana. Simba akatazama pembeni.

"Mfalme naye?" Mdiria aliuliza kwa sauti ya juu kutoka kwenye tawi lake.

Simba alichapa vumbi kwa mkia. Kumbe alikuwa akikimbilia vichakani kama wengine, ila yeye alisubiri pasiwe na mtu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo. "Sungura. Mto wangu una nini?"

"Nimekatazwa kusema, Mfalme."

"Nakuruhusu."

"Basi watieni samaki hawa kwenye kiriba kabla hawajafa, tuwarudishe kwao. Njiani utaona mwenyewe."

Msafara ukapanda mto, Tembo akibeba kiriba, Fisi akibaki nyuma akitafuta upenyo wa kutoroka na Chui akimzibia. Kila bwawa walilopita, Simba aliwaona Kambare wamepanga midomo juu ya maji. Walipofika Kona ya Matete, Tembo akapitiliza kwenda kuwamwaga samaki juu ya kona. Ningu alipoguswa na maji yale alitulia kidogo, kisha akapiga mkia mara moja na kupotea kama mshale. Tembo akarudi, akatanua matete kwa mkonga. Harufu iliyotoka ilimrudisha nyuma hata yeye.

"Ni ya nani mizoga hii?" Simba aliuliza.

"Si yangu!" Fisi akajibu kabla ya wote. "Sijawahi kuiona! Itakuwa ilisombwa na mafuriko."

"Mafuriko ya mwaka gani?" aliguna Tembo.

Sungura akainua mkono taratibu. "Tusimwonee Msimamizi, Mfalme. Kasema si yake. Basi ni mizoga isiyo na mwenyewe. Tembo aitoe majini aiweke mchangani, tuwaite Tai wote, waimalize leo hii."

Tembo akavuta wa kwanza, yule nyumbu, akamtupa ukingoni. Angani, duara jeusi likaanza kushuka. Tai wa kwanza akatua, akatazama huku na huku, akadonoa paja.

Fisi akafumba macho. Akauma midomo. Akajikaza, akatetemeka, machozi yakamlengalenga. Tai akachana kipande kirefu, akakimeza. Tai wa pili akatua. Wa tatu akalirukia tumbo.

"Huyo ni wa kesho!" Fisi alilia kwa uchungu usio na mfano, akajitupa juu ya nyumbu akimkumbatia kwa miguu yote minne. "Wezi nyie! Ni wangu! Wote ni wangu! Nimewaburuta mmoja mmoja, nimewahesabu, nimewaimbia! Tokeni kwenye nyama yangu!"

Akafumbua macho, akaiona miguu ya Simba mbele ya pua yake.

Hukumu haikuchukua muda. Fisi alivuliwa usimamizi, akaamriwa aitoe majini mizoga yote iliyobaki, aipandishe mlimani kwa mgongo wake mwenyewe, Tai wakiila huku akiibeba. Mizigo ilikuwa mizito na mlima mkali. Wanasema hapo ndipo kiuno chake kilipoporomoka, mpaka leo anatembea mbele juu, nyuma chini.

Wanyama walinywa kwenye maporomoko siku zile zote, na hakuna chemchemi iliyoona haya. Mto ulijisafisha polepole. Simba alimpa Mdiria kazi ya kutangaza kila asubuhi nani amerudi bwawani, na Mdiria, aliyekuwa akiongea bure maisha yake yote, sasa akawa anaongea kwa cheo. Alitangaza Perege. Baadaye akatangaza Gogogo, huku akijishika ubavu. Simba alikataa katakata kuonja maji mpaka asikie jina moja. Asubuhi Mdiria alipolitaja, "Ningu! Wawili! Wanang'aa!" Simba alishuka kwenye mwamba wake mbele ya watu wote, akainama, akanywa. Kambare pekee ndiye aliyelalamika kwamba maji yamekuwa mepesi kama uji wa msiba, akahamia kinamasini na nusu ya jamaa zake.

Nyumbani kwa Sungura, kitindamimba aliamka na kudai karanga. Alipoambiwa hakuna, alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Bi Sungura akamtazama mumewe, safari hii akamtazama kweli.

"Baba watoto, unasikia anavyolia?"

"Nasikia," alisema Sungura, na hakuna wimbo aliowahi kuupenda kama kile kilio.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.